Mkia si mstari

Jumamosi iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayesoma kidato cha tatu na hukaa kwangu Nyalenda wakati wa likizo, aliniwekea daftari lake la baiolojia mezani kabla sijamaliza chai. Alitaka nione alama. Alikuwa amechora euglena, kale kakiumbe ka maji yaliyoingia ukijani, na mwalimu alikuwa amempa nane kwa nane. Kiini kipo. Kloroplasti zimepakwa rangi, na moja ameipasua ili tuone ndani yake vile vibunda vya tando vilivyopangwa kama chapati kwenye sahani. Mitokondria nayo ina mikunjo yake. Doa la jicho lina wekundu wake. Na mbele kabisa, pale mkia unapotoka, kuna mstari mmoja wa penseli uliopindapinda, na neno "flajela".

"Hapa hujachora," nikamwambia, kidole kikiwa kwenye mstari.

"Shangazi, si hiyo hapo? Na mwalimu ametia tiki."

"Kloroplasti umeipasua nikaona ndani. Mitokondria umeipasua nikaona ndani. Mkia huu ndani yake kuna nini?"

Akafikiri kidogo. "Mkia ni mkia tu."

Sikumlaumu. Nimefanya kazi ya maabara hospitalini, hapa mjini Kisumu, kwa miaka 19, na kwa mingi kati ya miaka hiyo jibu lake lingekuwa jibu langu. Lakini kuna mtu mmoja aliyepita mikononi mwangu ambaye alinifanya nisiweze tena kuuona ule mstari wa penseli nikanyamaza. Nitafika kwake.

Kwanza mjue kwamba mikia ndiyo inayonipa majibu kazini. Mama anakuja na muwasho, sampuli inatiwa kwenye tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, na sina muda wa kuzungumza na mtu, kwa sababu trikomonasi, kimelea ninayemtafuta, akipoa huacha kutikisika, na akiacha kutikisika anafanana na chembe nyeupe ya damu, nami naweza kuandika kwamba hayupo ilhali yupo. Ana mikia minne mbele, na wa tano umeshikana na ubavu wake kama pindo la leso linalopepea. Mtoto analetwa kutoka Obunga au Manyatta akiwa anaendesha, natafuta giardia, kimelea cha tumboni: mikia minane, viini viwili vinavyokukodolea kama macho, na mwendo wa jani linaloanguka kutoka mtini. Hata malaria, ambayo sisi wa ziwani tumezaliwa tukaikuta nyumbani, ilitambuliwa kwa mkia. Mwaka 1880, huko Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa akitazama damu mbichi ya mgonjwa, mara nyuzi ndefu zikachomoka kwenye kiduara kimoja zikaanza kuchapa huku na huku. Uchafu hauchapi. Hapo akajua kwamba anachokitazama ni kiumbe hai. Nyuzi zile ni mbegu za kiume za kimelea cha malaria, ambazo kwa desturi hutoka tumboni mwa mbu, dakika chache tu baada ya mbu kunyonya, na moja ya dalili zinazoziamsha ni damu kupoa baada ya kutoka mwilini mwetu.

Kwa hiyo mikia naijua. Ila naijua kwa mwendo wake tu. Lenzi yangu ya mafuta hukuza mara 1,000, na hata ingekuza zaidi isingenisaidia, kwa sababu mwanga wa kawaida hauwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi, na unene wa mkia wote, utando wake ukiwa juu, ni karibu nanomita 250. Weka mikia mia tatu bega kwa bega, ndipo utafikia unene wa unywele mmoja. Mwanga unaupita mkia bila kuingia ndani, kama mtu apitaye nje ya nyumba usiku: anajua kuna nyumba, hajui imepangwaje.

Ilibidi tungoje hadubini ya elektroni. Mwaka 1952 Irene Manton, mwanamke mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Leeds, pamoja na mwenzake, walitoa picha za mikia ya mbegu za kiume za Sphagnum, mmea mfupi wa kinamasi. Mkia ulikuwa umesambaratika, na ndani yake zikaonekana nyuzi kumi na moja: tisa za aina moja, mbili za aina nyingine. Miaka miwili baadaye huko Marekani, Don Fawcett na Keith Porter wakakata vipande vyembamba vya silia, vile vinywele vifupi vya seli, wakauona mpangilio uleule kwa wanyama wa kila namna. Jozi 9 za mirija zimesimama kwa duara, na mirija 2 imesimama peke yake katikati. Tisa na mbili. Ipo kwenye mkia wa euglena anayeogelea Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ipo kwenye mbegu ya kiume ya binadamu. Ipo kwenye vinywele vinavyofagia makohozi kooni mwako hivi sasa unaposoma. Kinamasi cha Ulaya na koo la mvuvi wa Usoma, kipimo kilekile, hesabu ileile.

Nilimweleza msichana haya yote na nikaona macho yake yakielekea dirishani. Maneno matupu. Nikamwambia avae viatu.

Dunga kuna mama mzee tunayemwita Dani, anayesuka vikapu na mikeka ya mafunjo chini ya mti hatua chache kutoka majini. Tulifika na tuktuk kama saa nne asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Nikamwomba mabua 20 ya mafunjo, nikamweleza kwamba nataka kumwonyesha mtoto umbo la mirija.

Dani akanikatiza. "Nyar Samia," yaani binti wa Samia, "mafunjo hayana tundu. Ndani yamejaa." Akalipasua bua moja kwa kucha akanionyesha ule moyo mweupe mwororo. "Ukitaka mrija, chukua matete."

Alikuwa na haki. Mrija wa ndani ya mkia una tundu kweli. Ukuta wake umejengwa kwa nyuzi 13 za protini iitwayo tubulini, zimesimama wima kama fito za ghala la mahindi, na katikati ni wazi. Basi tukachukua matete mabichi membamba, yale yasiyovunjika ukiyapinda. Tisa tukayaacha mazima. Tisa mengine Dani akayachana kwa kisu upande mmoja, akatoa ubamba, yakabaki na umbo la mfereji. Hilo lilikuwa muhimu kwangu, kwa sababu katika kila jozi mrija mmoja ni mzima na wa pili hauna ukuta kamili: una nyuzi 10 tu zake mwenyewe, na pale palipobaki wazi umeegemea ukuta wa mwenzake, kama chumba cha nyongeza kinachojengwa kwa kutumia ukuta wa nyumba iliyotangulia. Tukaegemeza kila mfereji kwenye tete zima, tukafunga kwa uzi wa katani. Jozi tisa. Mawili ya katikati yakasimama peke yake.

Kisha tukazipanga jozi kwa duara, tukazifunga zote pamoja chini kwa nguvu, Dani akivuta uzi kwa meno. Huko juu hatukufunga. Katikati ya kitita tulipitisha nyuzi zilizolegea kutoka jozi hadi jozi jirani, kwa sababu kwenye mkia halisi kuna viungo vya protini vinavyozuia jozi zisisambae, na kutoka kila jozi kuna kitu kama njiti ya gurudumu la baiskeli inayonyoosha kichwa kuelekea ile miwili ya katikati. Njiti hizo tuliziacha. Mikono yetu ilikuwa minene mno.

Hapo chini tulipofunga pana habari yake. Mkia hauanzi hewani. Umeota juu ya kitako kilichozama ndani ya seli, na kwenye kitako hakuna jozi: kuna mirija mitatumitatu, mafungu tisa, na ile miwili ya katikati haipo. Mirija miwili ya kila fungu inaendelea juu na kuwa jozi, wa tatu unaishia njiani. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba kitako hicho ni umbo lilelile la sentrioli, zile mbili anazochora msichana wangu pembeni mwa kiini akisoma jinsi seli inavyogawanyika. Ziko kwenye daftari lake ukurasa wa nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa huo na ukurasa wa euglena vinazungumzia kitu kimoja.

Na mkia hauna kiwanda ndani yake. Protini zote hutengenezwa chini, kwenye mwili wa seli, kisha hupandishwa hadi nchani, kwa kuwa mkia hukua kutoka nchani. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa wakiutazama mwani wenye mikia miwili, Chlamydomonas, waliona mizigo ikipanda na kushuka ndani ya mkia bila kupumzika, hata mkia wenyewe ukiwa umetulia.

Lakini Dani hakutaka habari ya mizigo. Alikuwa ameshika kitita, amebana chini kwa magoti. "Sasa kinachapaje?"

Nikamwambia akipinde taratibu. Akakipinda kuelekea ziwani. "Tazama ncha," nikamwambia msichana. Ncha zilizokuwa sawa zote zilikuwa zimeachana: za upande wa ndani wa mpindo zimejitokeza kuliko za upande wa nje, kwa kama vidole viwili. Hakuna tete lililorefuka. Hakuna lililofupika. Yameteleza tu, moja ubavuni mwa jingine.

Dani akasema hilo si geni; mkeka wa safu mbili ukiukunja, kingo haziwi sawa. Alinyoosha mkono akachukua mikeka miwili, akaiweka mmoja juu ya mwingine, akaikunja, akatuonyesha kingo zilivyopishana. Miaka arobaini na zaidi amekuwa akiliona jambo ambalo Peter Satir aliliona kwenye ncha za silia za kome wa maji baridi, akaliandika mwaka 1968: mirija haijikunyati kama mnyoo, inateleza.

Ukishaelewa hapo, geuza maneno. Kama kupinda kunaleta kuteleza, basi kuteleza kukilazimishwa, na chini pamefungwa, kitita hakina budi kupinda. Ndiyo siri yote ya kuchapa kwa mkia. Kinachohitajika ni kitu cha kulazimisha jozi moja isukume jirani yake.

Nilikuwa nimenunua kiberiti njiani. Tukaanza kuchomeka njiti kwenye matete mazima, safu mbili kwa kila moja, ya nje na ya ndani, zote zikielekea kwenye mfereji wa jozi jirani. Safu 18. Kazi ya saa nzima. Msichana alifanya nyingi na mimi vidole viliuma. Njiti hizo ndizo dainini, mikono midogo ya protini iliyoota kwenye mrija mzima wa kila jozi. Mwingereza Ian Gibbons, alipokuwa Harvard miaka ya sitini, alichukua silia za kiumbe wa maji aitwaye Tetrahymena, akaiyeyusha mikono ile midogo ikabanduka kwenye mirija. Uwezo wa kuvunja ATP, ile kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, ukaondoka nayo. Alipoirudisha mikono, uwezo ukarudi. Mwaka 1965 akaipa jina hilo, dainini, kutokana na neno la Kigiriki la nguvu. Kwenye safu ya nje mikono imepangwa kila baada ya nanomita 24, na kila mmoja hushika mrija wa jirani, huvuta, huachia, hushika tena mbele kidogo, ikitumia ATP kila inaporudia. Mwaka 1971, Gibbons akiwa na Keith Summers, walichukua mikia ya mbegu za kiume za yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, wakavikata vile viungo vya kuzuia kwa kimeng'enya, wakaongeza ATP. Mkia haukupinda. Ulijichomoa wenyewe, jozi zikiteleza nje ya jozi, hadi ukawa mrefu mara kadhaa kuliko ulivyokuwa. Nikifikiria saa ile walipoona hayo, mwili unanisisimka.

Msichana akauliza ATP inatoka wapi, swali zuri, na nikafurahi kwamba jibu lilikuwa tayari kwenye mchoro wake. Ile mikunjo ya mitokondria ipo kwa sababu. Utando wa ndani umekunjwa ili eneo liwe kubwa, na umejaa mashine za protini zinazozunguka kweli, kama pia, zikisukumwa na protoni zinazopita. Kila mzunguko mmoja hutoa ATP tatu. Paul Boyer na John Walker walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1997 kwa kueleza jinsi inavyofanya kazi. Kwenye mbegu ya kiume mitokondria hazikuachwa zielee popote: zimezungushwa shingoni mwa mkia kama uzi kwenye kigurudumu, karibu na mahali pa matumizi.

Sijui kama ni vyema kuendelea na hili, lakini siwezi kuandika habari ya mikia nikiwa mtu wa Samia nisiseme juu ya malale. Babu yangu alikuwa akitukataza kwenda vichakani karibu na mto kwa sababu ya mbung'o, na katazo hilo alilipokea kwa baba yake, aliyeishi enzi ambapo pwani za ziwa hili zilibaki tupu. Upande wa Uganda peke yake walikufa zaidi ya watu 200,000 mwanzoni mwa karne iliyopita. Muuaji, kimelea kiitwacho tripanosoma, ana mkia mmoja. Unatoka kwenye mfuko mdogo karibu na nyuma, unapanda kwa kushikana na mwili hadi mbele, na ubavuni mwa ile tisa na mbili una fito ya ziada ya protini. Chini ya kitako chake kuna kitone ninachokijua kutoka slaidi za mafunzo, kilichoshika rangi ya Giemsa: ni DNA ya mitokondria yake, maelfu ya pete ndogo zilizopishana kama pete za mnyororo, na imefungwa kwenye kitako cha mkia, kupita tando mbili, hivi kwamba mkia na kitone havitengani. Mitokondria yenyewe ni moja, ndefu, na anapokuwa ndani ya damu yetu karibu haina mikunjo. Sukari tuliyonayo inamtosha, anaivunjia kwenye vifuko vyake vingine. Na mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba mkia wake haumpeleki tu mahali. Anapoogelea, maji yanayompita husukuma kingamwili zetu zilizomng'ang'ania, zinarudishwa nyuma hadi kwenye ule mfuko wa mkia, na humo anazimeza. Anajifuta askari wetu kwa kuogelea. Babu hakujua hayo, lakini alijua kichaka kipi. Mgonjwa wa mwisho mwenyeji wa hapa nchini alipatikana mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma Kenya. Nilipoisoma habari hiyo nilimpigia baba simu.

Jambo moja la kutenganisha, kwa sababu vitabu vya shule huviweka pamoja chini ya jina moja: mkia wa bakteria si huu. Yule wa kipindupindu, anayetusumbua pembezoni mwa ziwa, ana mkia mmoja nchani, lakini ndani yake hakuna jozi, hakuna dainini, hakuna ATP inayotumika humo. Ni uzi wa protini nyingine kabisa, na haupindi kwa nguvu zake. Unazungushwa na mota iliyo kwenye ngozi ya bakteria, kama panga la injini ya boti. Jina moja, vitu viwili visivyo na undugu. Ningekuwa natunga mtihani, ningeuliza hilo.

Sasa yule mtu.

Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Alikuja na mkewe miaka michache iliyopita, ndoa ina miaka sita, hakuna mtoto, na kwao mke ndiye aliyekuwa akisemwa. Daktari aliomba shahawa zipimwe. Niliweka slaidi, nikatazama, nikadhani nimeharibu kitu. Mbegu zilikuwepo, nyingi, umbo zuri, na hakuna hata moja iliyotikisika. Nikapasha moto sahani ya hadubini. Kimya. Kwa kawaida hapo mtu huandika "zimekufa", lakini nilitia rangi ya eosini, ambayo huingia kwenye mbegu iliyokufa na kushindwa kuingia kwenye iliyo hai. Nyingi zilibaki nyeupe. Zilikuwa hai, zote zimelala kama mitumbwi isiyo na makasia.

Niliandika nilichokiona. Fomu ilikwenda, na sehemu alikopelekwa akaambiwa kwa kifupi kwamba hana uwezo, basi. Nakumbuka alivyokuwa akikohoa kwenye benchi, kikohozi kizito chenye makohozi, na nikamsikia mkewe akisema amekuwa hivyo tangu utotoni, kwamba pua yake haijawahi kuwa kavu, kwamba amewahi kumezeshwa dawa za kifua kikuu bila kupatikana na kifua kikuu. Niliyasikia. Sikuyaunganisha. Fomu yangu ilikuwa ya shahawa, na kifua kilikuwa cha mtu mwingine.

Wiki kadhaa baadaye alirudi kuchukua nakala ya majibu, akiwa na picha ya eksirei kwenye bahasha ya kaki. Akanieleza kwamba walimpiga picha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza walisema picha imegeuzwa. Nikaiinua kwenye dirisha. Moyo ulikuwa upande wa kulia, na alama ya kushoto ilikuwa mahali pake. Picha haikugeuzwa. Yeye ndiye aliyekuwa hivyo.

Nilimbeba mtu yule na bahasha yake hadi kwa daktari wa kifua ninayemheshimu, naye alitazama picha, akatazama karatasi yangu, akaketi. Mwaka 1933, akasema, daktari mmoja wa Zurich aitwaye Manes Kartagener alieleza wagonjwa wenye mambo matatu: pua zisizopona, mapafu yaliyotanuka kwa makohozi, viungo vya ndani vilivyogeuka upande. Hakujua kinachoyaunganisha. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden akaweka chini ya hadubini ya elektroni mikia ya mbegu za wanaume wagumba ambao mbegu zao zilikuwa hai lakini hazitikisiki. Tisa ilikuwepo. Mbili ilikuwepo. Mikono ya dainini haikuwepo.

Vinywele vya kooni navyo vina dainini. Bila hizo hakuna wa kufagia makohozi. Na huko tumboni mwa mama, siku za mwanzo kabisa, kuna vinywele vingine vichache, hivi havina ile miwili ya katikati, vinavyozunguka na kusukuma maji kuelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaouambia mwili moyo ukae wapi. Wajapani walilionyesha mwaka 1998 kwa panya. Vikinyamaza, moyo hukaa kwa bahati, nusu huku nusu kule. Yule mtu alikuwa amekohoa maisha yake yote, moyo wake ukiwa kulia, mkewe akisemwa na mashemeji, kwa sababu ya kitu ambacho vitabuni tunakichora kwa mstari.

Alifundishwa namna ya kutoa makohozi kila asubuhi kwa kulala kiubavu na kugongwa mgongo, na kutokungoja homa izidi. Na aliambiwa jambo ambalo mwanzoni hakuna aliyemwambia: mbegu iliyo hai, hata isiyoogelea, inaweza kuchukuliwa kwa sindano na kuingizwa ndani ya yai. Hilo si la bei ya watu wetu. Lakini mkewe aliketi akalia pale pale kwenye kiti, akisema wamwandikie jina la ugonjwa kwenye karatasi, akaonyeshe nyumbani.

Niliwasimulia hayo chini ya mti, Dani akisuka bila kuinua macho. Nilipomaliza akanyamaza kitambo. Kisha akamsukumia msichana kile kitita cha matete.

"Nionyeshe yeye alivyo."

Msichana akakipakata. Akaanza kung'oa njiti za kiberiti, moja moja, safu ya nje kwanza, akizipanga kwenye mkeka kando ya goti la Dani. Ilimchukua muda mrefu. Alipomaliza, kitita kilikuwa kile kile, jozi tisa na mawili katikati, na ukikitazama kutoka mbali usingejua kilichotoka. Akalichukua daftari, akafungua ukurasa wa euglena, na chini ya tiki ya mwalimu akachora duara.